Kabla Bomba Halijazama

Hotuba kwa wanafunzi wa uchomeleaji na wa ujenzi, Mwanza

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana wa fani ya uchomeleaji na ya ujenzi, nawashukuru kwa kunialika na kwa kunipa saa nzima ya kuzungumza na watu ambao kwa kawaida mikono yao hufanya kazi zaidi ya masikio.

Kabla sijaanza, mmeniona nikipulizia rangi nyekundu juu ya vipande viwili vya chuma hapa mezani, nilivyoviandika A na B kwa chaki. Kila kimoja ni bamba mbili zilizounganishwa kwa mshono mmoja. Mwalimu wenu wa karakana alivipitisha kwenu asubuhi, na nimeambiwa kwamba karibu darasa zima limekipa alama ya juu kipande A, kwa kuwa mawimbi ya mshono wake yamelala sawasawa kama magamba ya sato, na kwamba kipande B mmekicheka. Rangi hii inahitaji muda ili ipenye kwenye ufa, kama upo, kwa hiyo tuiache ifanye kazi yake, nasi tufanye yetu.

Wengi wenu mliotoka Sengerema na Geita mmefika hapa kwa kupita Daraja la John Pombe Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Ni kilomita 3 za barabara juu ya Ziwa Victoria, mahali ambapo sisi wa rika langu tulizoea kupanga foleni ya feri tukiwa na mgonjwa ndani ya gari. Mtu anayelivuka huona minara na nyaya, akapiga picha, akaenda zake. Hakuna anayepiga picha ya msingi, kwa sababu haupo machoni. Nami nimekuja kuzungumza juu ya sehemu hiyo isiyopigwa picha, hasa pale inapokuwa ya chuma, na hasa pale vipande vya chuma hicho vinapoungwa kwa moto.

Kuna tofauti moja ambayo nataka ieleweke tangu mwanzo, maana nimekutana na wahandisi vijana wanaoichanganya. Katika madaraja mengi ya siku hizi, bomba kubwa la chuma hushushwa majini hadi kwenye udongo wa chini, shimo likachimbwa ndani yake, nondo zikashushwa, kisha zege ikamwagwa. Hapo mara nyingi bomba ni kama kibao cha kumwagia zege: likishamaliza kazi ya kuzuia maji na matope, mzigo wa daraja hubebwa na zege na nondo. Mshono wa bomba hilo ukiwa mbaya, maji na matope yanaweza kuingia na kuharibu zege ikiwa bado mbichi, jambo ambalo si dogo, lakini si mshono unaobeba daraja. Katika madaraja mengine bomba lenyewe ndilo nguzo. Hupigwa kwa nyundo kubwa hadi likite chini kabisa, na mzigo wote wa juu, pamoja na msukosuko wa mawimbi, upepo na tetemeko la ardhi, hupita katika chuma chake na katika kila mshono uliomo. Swali la kwanza la mchomeleaji anayepanda tishari, yaani chombo bapa kinachobeba mitambo ya kazi majini, liwe hilo: bomba hili litabeba, au litazuia tu? Jibu lake ndilo linaloamua chuma kitapashwa joto kiasi gani kabla ya kazi, mshono utapimwa kwa njia gani, na kasoro ipi inaweza kuvumiliwa.

Mfano ninaopenda kuutumia kwa aina hii ya pili uko mbali na kwetu, nao ni daraja linalounganisha San Francisco na Oakland, huko California. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, liliangusha kipande cha sakafu ya juu ya upande wa mashariki wa daraja hilo. Ikaamuliwa kwamba upande ule wote ujengwe upya, na sehemu kubwa ya daraja jipya ikasimamishwa juu ya nguzo 160 za mabomba ya chuma, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 2.5, zikizama takribani mita 100 kupita katika matope laini ya ghuba. Bomba la mita 100 haliletwi likiwa zima. Huletwa kwa vipande. Cha kwanza hupigwa mpaka kibaki kichwa tu juu ya maji, cha pili hunyanyuliwa na kusimamishwa juu yake, na mtu mwenye kofia ya kuchomelea huzunguka duara la karibu mita 8 akiviunganisha, tabaka juu ya tabaka. Kisha nyundo hurudi kazini, na mshono ule hushuka chini ya ghuba. Hakuna jicho litakalouona tena.

Mwaka 2005 baadhi ya wachomeleaji waliofanya kazi kwenye misingi ile walijitokeza na kudai kwamba walisukumwa waharakishe, na kwamba mishono yenye kasoro ilifunikwa badala ya kukatwa na kurudiwa. Jambo likafika kwa wapelelezi wa FBI. Mamlaka ya barabara ya serikali kuu ya Marekani ikaagiza sampuli za chuma zipimwe na watu wasiohusika na ujenzi ule, na mwishowe ikatangaza kwamba mishono iliyopimwa ilikidhi masharti ya mkataba. Daraja likaendelea kujengwa, likafunguliwa mwezi Septemba 2013.

Nimewasikia watu wakiisimulia habari hii ili kuonyesha kwamba mafundi wale walikosea, na wengine wakiisimulia ili kuonyesha kwamba wakubwa hulindana. Mimi sina la kusema juu ya nani alisema kweli. Kinachonigusa ni jambo la kifundi: siku tuhuma zilipotoka, sehemu ya mishono ilikuwa tayari imekwisha zama au imefunikwa, na sampuli hukatwa pale tu mkono unapofika. Kilichobaki kuisemea mishono mingine kilikuwa karatasi zilizoandikwa siku ilipochomelewa, zikiwa na saini za wale wale waliokuwa wakibishana. Ubora wa mshono wa chini ya maji huwekwa na kuthibitishwa katika saa chache ambazo mshono huo bado uko juu ya maji. Saa hizo zikipita, kinachobaki ni imani ya watu kwa watu, na imani haina kipimo cha milimita.

Sasa twendeni juu ya tishari, kwenye saa hizo chache zenyewe.

Bomba la chini limekwisha pigwa. Kichwa chake, pale nyundo ilipotua mara maelfu, kimevimba, kimepinda kidogo, na chuma chake kimechoshwa. Kazi ya kwanza ni kukikata kichwa hicho mpaka ufikie chuma kizima na duara lililo sawa. Nimeona mahali wakikisawazisha kwa grainda tu ili kuokoa nusu saa, na nusu saa hiyo hulipwa baadaye. Bomba la juu huja likiwa limekatwa ukingo wake kwa mshazari, mara nyingi nyuzi 45, na la chini huachwa na ukingo bapa. Wanaojua wanafahamu sababu: mshono unalala kwa ulalo kuzunguka bomba lililosimama, chuma kilichoyeyuka kinataka kudondoka, na ule ukingo bapa wa chini ndio rafu ya kukikalisha. Ndani huwekwa ukanda wa chuma wa kukinga shina la mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, pale bamba zinapokutana. Ukanda huo usipolala vizuri, shina linabaki na mwanya, na baadaye mpimaji anayetumia mawimbi ya sauti atapata mwangwi asioweza kuuamulia kama ni ukanda au ni kasoro. Watu hupoteza siku nzima wakigombana juu ya mwangwi wa namna hiyo, wakati ugomvi wote ungekwisha kwa fundi mmoja kuupigapiga ukanda ukae sawa kabla ya kuwasha moto.

Kisha kuna upepo. Kanuni za Marekani za kuchomelea vyuma haziruhusu mtu achomelee kwa njia inayotegemea gesi ya kukinga pale upepo unapozidi kilomita 8 kwa saa, na ziwani, ninyi mnajua kuliko mimi, upepo wa kilomita 8 hauitwi hata upepo. Kwa hiyo ama unajenga kibanda cha turubai kuzunguka kiungo, kigumu kiasi cha kusimama usiku kucha, ama unatumia rodi au waya unaojitengenezea kinga yake wenyewe. Kibanda kina faida ya pili ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba kinazuia umande. Chuma kinachosimama ndani ya maji kina ubaridi wa maji, na alfajiri hutoka jasho. Lazima kipashwe moto mpaka jasho likauke na joto lifike pale utaratibu ulipoandika, likapimwa kwa chaki ya joto au kipimajoto, si kwa kukitemea mate na kusikiliza.

Hapa nitawasimulia jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mkaguzi katika ujenzi wa gati moja, ambalo sitalitaja, kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi. Ilikuwa msimu wa kusi, saa sita usiku imepita, na tulikuwa kwenye kiungo cha pili cha zamu ile. Fundi alikuwa mzee wa Tanga, mkono wake mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyepata kumwona. Nikaona amechomoa rodi kutoka kwenye ndoo tupu ya rangi iliyokuwa karibu na mguu wake, wazi, na kando yake kulikuwa na beseni la maji ya kunawa. Nikamwuliza, "Mzee, rodi hizi zimetoka kwenye tanuri saa ngapi?" Akanitazama, akavua kofia, akajibu bila kuficha, "Tangu magharibi, mwanangu." Rodi zenyewe zilikuwa za haidrojeni kidogo, zile ambazo ganda lake hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi, na ambazo kwa kawaida hazitakiwi kukaa nje ya tanuri la kutunzia zaidi ya saa 4. Tuliisimamisha kazi. Msimamizi wa zamu alikuja juu, akaniambia kwamba winchi inalipiwa kwa saa na kwamba mimi nalipwa mshahara hata nikilala. Tulikwangua tabaka tatu zilizokwisha wekwa, tukaleta rodi nyingine, tukaanza upya, na kukapambazuka.

Ningeishia hapo ningeonekana shujaa. Lakini kiungo cha kwanza cha zamu ile, kilichomaliziwa kama saa tano usiku, nilikuwa nimekwisha kitilia saini, bila kuuliza habari ya rodi, na kilikuwa kimekwisha pigwa nyundo na kuzama. Mpimaji wa mawimbi ya sauti alikuwa amekipima kikiwa bado na joto la mkono, akasema ni safi. Nilirudi kwenye daftari nikaandika yote: saa, ndoo, jibu la mzee, na kosa langu. Mhandisi alikaa na mahesabu siku mbili, akikichukulia kiungo kile kama dhaifu, akaridhika kwamba pale kilipo, chini sana kwenye udongo mgumu, bomba halipindwi kwa nguvu ya kutisha. Gati lile linatumika mpaka leo. Kiungo kile kikoje, hakuna anayejua, na mimi ndiye nilipaswa kujua.

Kwa nini nilihangaika na mshono ambao mpimaji alisema ni safi? Kwa sababu ya haidrojeni. Unyevu unapoingia kwenye moto wa kuchomelea, maji huvunjika, na haidrojeni yake huzama ndani ya chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa upesi, haidrojeni hunaswa ndani, na kandokando ya mshono, katika eneo lililoguswa na joto, chuma hugeuka kigumu na chepesi kuvunjika. Haidrojeni haina haraka. Hutembea ndani ya chuma kwa saa nyingi, ikijikusanya pale penye mkazo mkubwa, na ufa huweza kutokea kesho yake, mpimaji akiwa amekwisha funga mizigo. Ndiyo maana taratibu nzuri, hasa kwa chuma kinene na chenye nguvu, hutaka mtu asubiri kabla ya kupima, mara nyingi hadi saa 48. Sasa mwambie mwenye winchi asubiri saa 48 kwa kila kiungo. Hawezi, na kwa kweli wakati mwingine haiwezekani. Mradi unaojua kwamba hautasubiri hauna budi kuizuia haidrojeni isiingie kabisa: rodi zitunzwe katika tanuri lenye joto, chuma kipashwe moto, na mshono ukimalizika ufunikwe upoe polepole, usitoswe majini ukiwa bado unaunguza.

Daraja lile lile la San Francisco lilitoa funzo jingine la haidrojeni, safari hii bila mchomeleaji. Mwezi Machi 2013, miezi michache kabla ya ufunguzi, fito 32 kati ya 96 za chuma chenye nguvu nyingi, zilizokuwa zikishikilia vifaa vya kuhimili tetemeko, zilikatika baada ya kukazwa. Zilikuwa zimekaa miaka kadhaa ndani ya matundu ambamo maji ya mvua yalituama. Walipozikaza, haidrojeni ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Ninawatajia hili kwa sababu kuna wanaodhani kwamba unyevu ni tatizo la rodi peke yake.

Nimezungumza muda wote huu juu ya mshono unaochomelewa hewani kisha ukazama. Najua mlikuwa mnangoja habari ya yule anayechomelea akiwa amezama mwenyewe, maana ndiye anayeonekana kwenye video za simu. Haya, tumguse.

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hiyo ikawa na maana ya kifundi alikuwa Konstantin Khrenov, mhandisi wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1932, kwa kutumia rodi zilizopakwa kinga ya kuzuia maji. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba moto huwaka ndani ya maji bila taabu: joto lake hutengeneza povu la gesi linaloyasukuma maji pembeni, na ndani ya povu hilo chuma kinayeyuka. Taabu huanza pale povu linapohama. Maji ya pande zote hukipoza chuma papo hapo, kwa kasi isiyopatikana hewani, na lile povu lenyewe limejaa haidrojeni iliyotokana na maji. Yaani yale mambo mawili niliyosema tuyakwepe juu ya tishari, kupoa upesi na haidrojeni, huku chini ndiyo makazi ya kazi yenyewe. Na kadiri kina kinavyoongezeka, vitundu ndani ya mshono huongezeka pia. Kwa sababu hiyo kanuni ya Marekani ya uchomeleaji wa chini ya maji, AWS D3.6, haiiti kazi yote kwa jina moja. Ina madaraja ya ubora. Kuna daraja A, la mshono unaolingana na ule wa nchi kavu. Daraja B, la mshono usionyumbulika vizuri kama huo lakini unaokubalika ikiwa mhandisi amehesabu na kuridhika. Matoleo yake ya awali yalikuwa pia na daraja C, la sehemu zisizobeba mzigo. Na daraja O, la mshono unaotakiwa utimize kanuni nyingine iliyotajwa pamoja na masharti ya chini ya maji. Anayeandika kwenye mchoro "ichomelewe chini ya maji" bila kusema ni daraja lipi hajaandika kitu, na mzamiaji ana haki ya kuurudisha mchoro huo juu.

Ushauri wangu kwa wahandisi ni kwamba kiungo kinachobeba kisipangiwe kuchomelewa ndani ya maji tangu mwanzo, labda iwe ni ukarabati usio na njia nyingine. Zungusheni boma la mabamba ya chuma, pampu itoe maji, fundi ashuke kwa ngazi akiwa na viatu vikavu. Au shusheni chumba kikavu kinachoikumbatia nguzo, maji yakasukumwa nje kwa hewa. Ni gharama, ndiyo, lakini ni gharama inayoonekana kwenye bajeti ya leo, tofauti na ile nyingine.

Na ikiwa lazima mtu azame, basi kuna mambo ambayo si ya ubora tu, ni ya uhai. Umeme uwe wa mkondo mmoja, usiwe ule wa nyumbani. Mzamiaji asibaki na rodi yenye umeme mkononi wakati hachomelei: juu pawe na mtu anayeshika swichi, akiwasha pale tu mzamiaji anapomwambia kwa simu awashe, na kuzima anapomwambia azime, kisha kumjibu kwamba amezima. Mwenye swichi asiwe na kazi nyingine, asiwe na simu ya mkononi, asiende kunywa chai. Pia mzamiaji afanye mshono wa majaribio katika kina kile kile, maji yale yale na mkao ule ule wa mwili, ukakatwa na kupimwa, kabla hajaugusa mshono wa kazi. Cheti cha nchi kavu hakina maana hapo, hata kiwe na mihuri mingapi.

Niwahamishe kidogo kutoka kwenye madaraja, kwa sababu mfano ulio bora wa nitakalosema haukutokea darajani. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, jukwaa la chuma lililoitwa Alexander L. Kielland, lililokuwa bweni la wafanyakazi wa mafuta, lilipoteza mguu mmoja katika dhoruba, likapinduka. Watu 123 kati ya 212 walikufa. Wachunguzi walifuata ufa mpaka kwenye chanzo chake, wakaukuta kwenye mshono mdogo wa milimita 6 ulioshikilia kitako cha kifaa cha kusikilizia sauti ndani ya maji. Kitako kile hakikubeba mzigo wowote. Kilikuwa kimechomelewa kwenye mojawapo ya mihimili iliyolishikilia jukwaa lote. Na ndani ya ufa huo walikuta rangi. Fikirini juu ya rangi hiyo: maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo kiwandani, kabla jukwaa halijapakwa na kupelekwa baharini, na brashi ilipita juu yake.

Kwenye msingi wa daraja, vitako kama hivyo ni vingi kuliko mnavyodhani. Kuna masikio ya kunyanyulia bomba, kuna vyuma vya muda vya kuegemezea jukwaa la fundi, kuna vishikizo vya ngazi, kuna vipande vya zinki au alumini vinavyochomelewa ili vilike na kutu badala ya nguzo. Viungo vikubwa hupewa fundi mwenye cheti, rodi za tanuri na mpimaji. Masikio hupewa kijana aliyeajiriwa juzi, kwa rodi yoyote iliyopo, kwa sababu "ni ya muda tu." Kisha kazi ikiisha, sikio hupigwa nyundo likang'oka na kipande cha chuma cha nguzo, kidonda kikapakwa rangi. Mimi ningependa kila mchoro wa nguzo uonyeshe mahali pa kila sikio, na kila sikio liondolewe kwa kukatwa, lisagwe, kisha pale lilipokuwa papimwe nyufa kama kiungo chochote kingine. Nimekwisha gombana na watu wengi juu ya masikio haya, na sijutii hata ugomvi mmoja.

Juu ya kutu yenyewe nitapita haraka, maana mna somo lake. Itoshe kusema kwamba maji yetu ya ziwa hayali chuma kama bahari ya Dar es Salaam au Mombasa, ambako pale mawimbi yanaporukia, juu kidogo ya usawa wa maji kujaa, ndipo chuma hulika upesi zaidi. Wapangaji wazuri huepuka kuweka kiungo kwenye kanda hiyo.

Sasa daftari. Kila mchomeleaji awe na namba yake, na namba hiyo igongwe au iandikwe kando ya mshono wake kabla haujazama. Daftari lioneshe bomba lipi, kiungo kipi, bamba la chuma lilitoka katika kundi gani la kiwandani, rodi zilitoka kwenye tanuri saa ngapi, joto lilipimwa mara ngapi, mshono ulimalizika saa ngapi na ulipimwa saa ngapi. Na liandikwe pale pale, kwa kalamu, na kidole kichafu. Madaftari masafi yaliyoandikwa ofisini mwisho wa wiki, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, nayatambua kwa kuyafungua tu.

Tena mkaguzi asilipwe na yule anayefaidika kazi ikiharakishwa. Awe na haki ya kusema "nyundo isirudi" na nyundo isirudi. Na fundi awe na haki hiyo hiyo, maana yeye ndiye wa kwanza kujua. Mzee wa Tanga alijua tangu saa nne usiku kwamba rodi zake zimekaa mno. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Nadhani rangi imekwisha pata muda wake. Mwalimu, naomba unifutie hizi bamba kwa kitambaa kikavu. Taratibu, usimwage dawa juu ya mshono. Sasa napulizia unga mweupe. Kama kuna ufa uliofungua mdomo juu, rangi iliyojificha itapanda na kuchora mstari mwekundu. Njooni karibu, walioko nyuma wasimame juu ya viti.

Kipande B, hakuna kitu. Mshono mbaya wa sura, lakini ni mweupe kote. Kipande A nacho, mnaona wenyewe, hakuna mstari. Naona mnatabasamu, mnadhani mmeshinda.

Rangi huona juu tu. Kipande A nilikichomelea mwenyewe Jumanne iliyopita, na chini ya yale magamba mazuri ya sato nimeacha shina ambalo halikushikana na bamba la upande wa kulia, karibu nusu ya urefu wake. Nilipunguza umeme kwa makusudi, nikaliandika kwenye daftari hili, ukurasa huu, saa kumi na dakika ishirini. Msinisadiki. Msumeno uko karakana, na vaisi imefungwa tayari. Kikateni katikati, msage sura yake mpaka ing'ae, mwalimu aipake asidi kidogo, kisha mpime kwa rula mwanya una milimita ngapi na mlinganishe na nilichoandika. Nitakuwa pale pale mlangoni.